Kufunga na Kufungua: Uhakiki wa Lugha ya Kiswahili katika Nadharia ya Obitali za Molekuli

Utangulizi

Mjadala juu ya uwezo wa Kiswahili wa kubeba sayansi una historia ndefu, na kwa sehemu kubwa umekuwa mjadala wa orodha. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, kazi yake mojawapo ilikuwa kusanifu istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kati ya miaka hiyo miwili, mnamo 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Nchini Kenya kemia ya sekondari na ya chuo kikuu imebaki mikononi mwa Kiingereza. Watetezi wa Kiswahili wamezoea kutaja wingi wa istilahi zilizokwisha kuundwa, na wapinzani wamezoea kutaja zile zinazopungua. Pande zote mbili zimekubaliana, bila ya kutamka, kwamba lugha ya sayansi ni hesabu ya maneno.

Makala haya yanashika njia nyingine. Istilahi haina thamani mpaka iingie katika sentensi, na sentensi haina thamani mpaka ieleze jambo kama lilivyo. Kwa hiyo lugha itapimwa hapa kwa jambo moja dogo: tabia ya molekuli sahili mbele ya sumaku, na nadharia ya obitali za molekuli inayoieleza tabia hiyo. Jambo hili limechaguliwa kwa sababu hapa picha mbovu haiishii katika ubovu wa mtindo. Huzaa jibu la uongo, na uongo huo huonekana kwa macho.

Msomaji anayefikiriwa ni mwanafunzi wa Mamboleo, mtaa ulio kaskazini ya mji wa Kisumu, pale barabara ya kwenda Kakamega inapokutana na ile ya kwenda Miwani na Chemelil. Mwanafunzi huyo mara nyingi ana Kijaluo nyumbani, Kiswahili sokoni na barabarani, na Kiingereza darasani. Jina la mtaa wake lenyewe ni fundisho la uundaji wa istilahi. Maneno mawili ya kawaida, mambo na leo, yameungana kuwa neno moja. Na neno hilo ndilo lililotumika kuunda istilahi ukoloni mamboleo. Waundaji wa istilahi hiyo hawakuchukua kiambishi cha Kigiriki kilichomo katika neno la Kiingereza wakakibandika mbele ya ukoloni. Walitafuta namna ambayo Kiswahili chenyewe husema jambo hilo. Mfano huu utarejewa baadaye.

Kadhia ya oksijeni

Hewa ina kiasi cha asilimia 78 ya nitrojeni na asilimia 21 ya oksijeni. Gesi hizi zikipozwa mpaka ziwe kimiminika, nitrojeni kwenye digrii 196 chini ya sifuri na oksijeni kwenye digrii 183 chini ya sifuri, kisha zikamiminwa kati ya ncha mbili za sumaku yenye nguvu, tofauti yake hudhihirika. Nitrojeni hupita na kuanguka. Oksijeni, ambayo ina rangi ya samawati hafifu, hunasa kati ya ncha hizo na kuning'inia hapo mpaka igeuke mvuke. James Dewar aliionyesha ajabu hii mjini London mwaka 1891, na kabla yake Michael Faraday alikuwa amekwisha kutambua kwamba oksijeni, hata ikiwa gesi, huvutwa na sumaku.

Maelezo ya kwanza ambayo mwanafunzi hupewa shuleni ni yale ya vitone na misalaba, ambayo chanzo chake ni kazi ya Gilbert Lewis ya mwaka 1916. Kila atomu ya oksijeni ina elektroni sita za nje. Atomu mbili hushirikiana jozi mbili, kila moja hujipatia elektroni nane, na kifungo huwa maradufu. Mchoro huu ni mzuri, na idadi yake ya vifungo ni sahihi. Lakini katika mchoro huo kila elektroni ina mwenzi. Elektroni moja ni kama kijisumaku. Zikiwa jozi, kila moja huifuta nguvu ya mwenzake. Mchoro basi unatangaza kwamba oksijeni haivutwi na sumaku, na mchoro unasema uongo. Lewis mwenyewe hakuwa mjinga wa jambo hilo. Mwaka 1924 alijaribu kuueleza usumaku wa oksijeni kwa njia nyingine, lakini mchoro wake uliingia vitabuni bila ya wasiwasi wake.

Jibu lilipatikana katika kazi za Friedrich Hund, Robert Mulliken na John Lennard-Jones, hasa makala ya Lennard-Jones ya mwaka 1929. Kwa nadharia yao, atomu mbili zinapokaribiana, kila obitali mbili zinazopatana, moja ya kila upande, huzaa obitali mbili mpya za molekuli nzima. Moja ina nishati ndogo, na elektroni iliyomo hukaa zaidi kati ya viini viwili, ikivishikamanisha. Nyingine ina nishati kubwa, na kati ya viini ina pengo. Elektroni iliyomo huudhoofisha muungano. Elektroni hujaza obitali hizi kuanzia chini, mbili mbili.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadharia hii ni ya daftari. Nitrojeni ina elektroni kumi za nje: nane katika obitali za aina ya kwanza, mbili katika zile za aina ya pili. Tofauti ni sita. Nusu yake ni vifungo vitatu, na hakuna elektroni iliyobaki pweke. Oksijeni ina elektroni kumi na mbili: nane kwa nne, tofauti ni nne, na vifungo ni viwili. Hadi hapa hesabu inalingana na mchoro wa Lewis. Lakini zile elektroni mbili za mwisho zinakuta obitali mbili za aina ya pili zenye nishati sawa, na kila moja inaingia yake peke yake, zote zikiwa zimeelekea upande mmoja. Hizo ndizo elektroni pweke zinazoinasisha oksijeni kwenye sumaku.

Kasoro ya kushirikiana

Jambo la kwanza la kuhakikiwa ni kitenzi kushirikiana. Mwalimu anaposema kwamba atomu mbili zinashirikiana elektroni, kiambishi -an- cha kutendana kinaleta pande mbili zilizo kamili kabla ya tendo na zinazobaki kamili baada yake. Hii ni lugha ya wabia wa duka: kila mmoja ana mtaji wake, na siku ya kuvunja ubia kila mmoja ataondoka na fungu lake. Nadharia ya obitali za molekuli haisemi hivyo. Elektroni ikishaingia katika molekuli si ya atomu ya kulia wala ya kushoto.

Kiswahili hakihitaji neno jipya kulieleza jambo hili; kinahitaji kubadili mwenye mali. Inatosha kusema elektroni za molekuli badala ya elektroni zinazoshirikiwa na atomu. Mabadiliko ni madogo kwa umbo, lakini yanamtoa msomaji katika picha ya vitone viwili vilivyobanwa kati ya herufi mbili na kumwingiza katika picha ya nyumba moja yenye vyumba vya ngazi mbalimbali. Ndani ya picha ya kwanza elektroni pweke haina mahali pa kukaa. Ndani ya picha ya pili ina chumba chake.

Obiti, mzingo na obitali

Jambo la pili ni neno obitali lenyewe, ambalo wapenda lugha safi huliona kuwa ni ukopaji wa uvivu. Imewahi kuonekana kwamba mzingo au obiti ingetosha. Hapa ukopaji una haki yake. Katika hisabati ya shule za Tanzania mzingo ni jumla ya urefu wa pande za umbo. Obiti ni njia ya chombo kinachoizunguka dunia, na ndiyo picha ya atomu aliyoitoa Niels Bohr mwaka 1913, yenye elektroni zinazozunguka kiini kama sayari. Mulliken aliliunda neno la Kiingereza la obitali mwaka 1932 kwa makusudi ya kujitenga na picha hiyo: obitali si njia inayopitwa, ni maelezo ya mahali ambapo elektroni inaweza kukutwa na kwa kiasi gani. Kiswahili kikiita vitu hivi viwili kwa jina moja, kitakuwa kimerudi nyuma ya mwaka 1932 kwa jina la usafi. Obitali na ibaki obitali, na obiti iachiwe vyombo vya angani.

Kutendua si kukanusha

Jambo la tatu ndilo lenye uzito mkubwa kwa mwanafunzi wa lugha. Obitali za aina ya pili, zile zinazodhoofisha muungano, zinahitaji jina. Katika Kiingereza jina lao limeundwa kwa kiambishi cha upinzani kilichobandikwa mbele ya neno la kufunga, na wanafunzi wengi hulichanganya na jina la obitali za aina ya tatu, ambazo hazifungi wala hazidhoofishi. Mwandishi wa Kiswahili anayekopa kiambishi hicho hukopa na mchanganyiko wake.

Kiswahili kina chombo bora zaidi, nacho ni kauli ya kutendua. Funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, kunja huzaa kunjua, panga huzaa pangua, tega huzaa tegua. Kauli hii haikanushi tendo. Inataja tendo la pili linaloelekea kinyume cha la kwanza. Mlango usiofungwa si sawa na mlango uliofunguliwa. Kwa hiyo lugha inatoa majina matatu bila ya taabu: obitali ya kufunga, obitali ya kufungua, na obitali isiyofunga. Tofauti ambayo Kiingereza huificha katika viambishi viwili vya kigeni, mtoto wa Mamboleo anaijua tangu alipoanza kutumwa dukani.

Uzuri wa majina haya unathibitishwa na vipimo. Umbali kati ya viini viwili vya molekuli ya nitrojeni ni pikomita 110, pikomita ikiwa ni sehemu ya bilioni elfu ya mita. Nitrojeni ikinyang'anywa elektroni moja, elektroni hiyo hutoka katika obitali ya kufunga. Kifungo hulegea na umbali hufikia 112. Oksijeni ina umbali wa pikomita 121. Ikinyang'anywa elektroni moja, kifungo hakilegei bali hukaza, na umbali hushuka hadi 112. Ikiongezwa elektroni mbili, kama ilivyo katika peroksidi, umbali hufikia kiasi cha 149. Msomaji wa jina la kukanusha hushangaa: vipi molekuli iimarike kwa kupoteza? Msomaji wa jina la kutendua hashangai. Kilichoondolewa kilikuwa kinafungua. Heli nayo inaingia katika hesabu hiyohiyo: atomu zake mbili zingeleta elektroni mbili za kufunga na mbili za kufungua, na hivyo molekuli haijengeki.

Kuna ulinganifu mwingine. Katika Kijaluo, kufunga kwa kamba ni tweyo na kufungua ni gonyo: mizizi miwili tofauti. Katika Kiswahili, kama katika lugha nyingi za Kibantu, mzizi ni mmoja, na kinyume kimo ndani ya mwili wa neno. Hivyo ndivyo ilivyo katika molekuli. Obitali mbili zilezile za atomu, zikijumlishwa, huzaa ile ya kufunga, na zikitolewa, huzaa ile ya kufungua. Mwanafunzi anayetoka Kijaluo hapungukiwi na fikra ya kinyume. Anachopata katika Kiswahili ni umbo linaloonyesha kwamba vinyume hivi ni ndugu wa tumbo moja.

Uchaguzi wa kitenzi, hata hivyo, unataka uangalifu. Kuunga ni kitenzi kinachovutia kwa kemia, lakini ukitafuta kinyume chake kwa kauli ya kutendua unaangukia ungua, ambayo tayari ni kuteketea kwa moto. Katika habari za oksijeni, msababishaji mkuu wa kuungua, hakuna utata mbaya kuliko huo. Funga nayo ina maana nyingi: kifungo ni cha gereza na ni cha shati, na mwenye kufunga anaweza kuwa anaingoja magharibi afungue. Maana hizi zinaepukika kwa muktadha. Pingamizi iliyo nzito ni nyingine. Kufungua ni tendo la wakati: kwanza kuna fundo, kisha fundo linafunguliwa. Ndani ya molekuli hakuna kwanza wala kisha. Elektroni za kufunga na za kufungua zipo pamoja daima, na kifungo ni salio lao. Pingamizi hii haijibiki kwa neno. Hujibiwa kwa sentensi: mwandishi aseme wazi kwamba kani za kufunga na za kufungua zinatenda kwa pamoja, kama watu wanaoshindana kwa kamba hali kamba imetulia. Istilahi haiwezi kubebeshwa mzigo wa maelezo yote.

Kuvutwa na kusukumwa

Vitu vinavyovutwa kidogo na sumaku na vile vinavyosukumwa kidogo navyo vina majina yenye asili ya Kigiriki. Faida ya kuikumbuka historia ya majina hayo ni kwamba inavunja imani kuwa Kiingereza kilizaliwa na sayansi mdomoni. Faraday hakuwa na maneno. Jina la kundi linalosukumwa lilipatikana mwaka 1845, na la kundi linalovutwa mwaka 1850, hili la pili kwa ushauri wa William Whewell, mwanazuoni wa Cambridge ambaye pia alishiriki katika kumpatia majina ya ioni, anodi na kathodi mwaka 1834. Kiingereza nacho kilikaa kitako kikaunda istilahi.

Maana ya asili ya majina hayo ni ya mkao: kipande kirefu cha kitu cha kundi moja hukaa kwa kufuatana na uga wa sumaku, na cha kundi jingine hukaa kwa kuukata. Kiswahili kina maneno yanayolingana sana na mikao hiyo, yaani sambamba na kukingama, kama mti ulivyokingama njiani. Kishawishi cha kuunda usumaku sambamba na usumaku kingamo ni kikubwa, lakini hakifai kufuatwa. Neno sambamba linahitajika kwa kazi nyingine katika sura hiyohiyo: elektroni pweke mbili za oksijeni zimeelekea sambamba. Oksidi ya nitrojeni yenye atomu moja moja huvutwa na sumaku ingawa ina elektroni pweke moja tu, isiyo na wa kuwa naye sambamba. Jina moja kwa mambo mawili lingemfanya msomaji aamini kwamba ni sharti ziwe mbili. Majina ya kawaida, usumaku wa kuvutwa na usumaku wa kusukumwa, hayana fahari, lakini hayadanganyi.

Mfano wa abiria

Walimu hupenda kuieleza kanuni ya Hund kwa mfano wa basi. Abiria wanaopanda gari tupu pale Mamboleo kuelekea mjini hukaa kila mmoja kiti chake, na hawaanzi kukaa wawili wawili mpaka viti viishe. Mfano ni mzuri na una ladha ya mahali. Lakini unaeleza nusu ya kanuni. Unasema kwamba elektroni za mwisho za oksijeni zinatengana. Hausemi kwamba zinaelekea upande mmoja, na usumaku wote wa oksijeni unategemea mwelekeo huo. Mfano unakamilika ikiwa itaongezwa kwamba waliokaa peke yao wote wametazama mbele, hali walioketi pamoja mmoja ametazama mbele na mwenzake nyuma. Kwa nyongeza hiyo mfano huacha kufanana na abiria wa kweli, na ni vema uache: tashbihi ya sayansi inapaswa kuonyesha mahali inapokatikia.

Gharama ya picha mbovu

Inaweza kuulizwa kama usahihi huu una faida kwa watu wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria. Katika lugha ya kila siku oksijeni huitwa hewa, na hewa huitwa hewa. Katika miaka ya 1980 mtafiti Peter Ochumba alichunguza vifo vya samaki wengi katika Ghuba ya Nyanza, na mojawapo ya sababu zilizobainishwa ni maji ya chini yasiyo na oksijeni kupanda juu. Mwishoni mwa mwaka 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Kisumu, na upungufu wa oksijeni ukatajwa tena. Maji ya digrii 25 kwenye usawa wa bahari hayashiki zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita, na ya ziwa lililo juu ya mita 1,100 hushika pungufu ya hapo. Katika maji yaliyoua samaki nitrojeni ilikuwepo. Kilichokosekana ni ile sehemu ya hewa yenye elektroni pweke.

Elektroni hizo hazikai katika vitabu tu. Ni miongoni mwa sababu za oksijeni kutoteketeza mara moja mbao, nyasi na miili ya viumbe, ambavyo elektroni zake karibu zote ziko jozi. Mwaka 1940 Linus Pauling aliutumia usumaku wa oksijeni kuunda kipimo cha gesi hiyo, na vipimo vya msingi huohuo hutumika katika mashine za nusukaputi hospitalini. Baadhi ya vipimo vya oksijeni ya majini hutumia rangi ing'aayo ambayo mng'ao wake hufifishwa na oksijeni, na uwezo huo wa kufifisha unahusiana na elektroni zilezile mbili. Mfugaji wa samaki anayesoma namba kwenye kipimo kama hicho anasoma habari za obitali za kufungua, ajue asijue.

Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba Kiswahili kinapoiendea nadharia ya obitali za molekuli hakikabili upungufu wa maneno kwanza, bali uchaguzi wa picha. Panapofaa kukopa, kama katika obitali, ukopaji unalinda maana. Panapofaa kutumia mali ya nyumbani, kama katika kufunga na kufungua, sarufi yenyewe inafanya kazi ambayo kiambishi cha kigeni hakiiwezi, sawa na waundaji wa ukoloni mamboleo walivyofanya. Inapendekezwa kwamba vyombo vya kusanifu istilahi vizipime istilahi za kemia katika aya nzima za maelezo kabla ya kuziingiza katika orodha, na kwamba walimu wa kemia na wa Kiswahili katika vyuo vya kanda ya ziwa waifanye kazi hiyo pamoja, kuanzia na sura ya vifungo. Aya ya kwanza ya kujaribia iwe ya oksijeni. Ikiwa msomaji wake atabashiri bila ya kuambiwa kwamba gesi hiyo itanasa kwenye sumaku, istilahi zitakuwa zimefaulu mtihani.